Kuimba peke yako na biti kwenye hoteli na kumbi ndogo: mwongozo kamili

Mpiga besi akiona umesahau mstari, anazungusha kordi mara moja zaidi mpaka ukumbuke. Mpiga ngoma akiona watu wameinuka, anakoleza. Biti, yaani muziki uliorekodiwa bila sauti ya mwimbaji, haina masikio. Ukisahau ubeti inakupita, na watu wakinogewa inaisha palepale ulipoikata nyumbani. Kila hatua iliyomo humu inatokana na jambo hilo: jukwaani una mwenzako asiyekusikia, kwa hiyo makubaliano yote naye yafanyike kabla hujafika ukumbini.

Namwandikia mwimbaji, hasa anayepiga gitaa au kinanda, anayepata kazi za jioni kwenye hoteli, mikahawa na baa zenye meza kumi na tano mpaka thelathini. Zamani hoteli za pwani zilichukua bendi nzima. Them Mushrooms ni mfano wa bendi iliyojijenga kwa kupiga kwenye hoteli za Mombasa. Siku hizi meneja mara nyingi ana bajeti ya mtu mmoja na kona ya mita mbili kwa mbili. Kona hiyo inatosha kabisa. Wapigaji wa Mugithi, mtindo wa gitaa wa Wakikuyu wa Kenya, wanaishika baa usiku mzima kwa gitaa moja na mashine ya ngoma, na watu hawakai.

Niseme mapema msimamo wangu: kuimba na biti na kuimba pleibeki ni vitu viwili. Sauti inayoongoza lazima itoke kinywani mwako jioni ileile. Hilo likivunjika, hatua zilizobaki hazina maana.

Hatua ya kwanza: amua nani anabaki ndani ya biti

Wengi huanza kwa kushusha karaoke mtandaoni na kuimba juu yake. Karaoke imetengenezwa ijae yenyewe: kinanda, nyuzi, gitaa tatu, waitikiaji, wakati mwingine hata melodi ya mwimbaji imepigwa kwa filimbi. Wewe na gitaa lako mnabaki hamna pa kukaa.

Chukua rumba. Bendi kamili ina gitaa la solo, la pili ambalo wengine huliita misolo, la ridhimu na la besi, kisha ngoma na tumba. Kama mkononi unapiga ridhimu, basi ridhimu iondoke kwenye biti, yote. Bakiza besi, ngoma, tumba, na misolo iliyoshushwa sauti. Gitaa mbili zikipiga kitu kilekile, moja ya mkononi na moja iliyorekodiwa, zitaachana kidogo tu na msikilizaji ataona umekosea wewe. Lakini ukiacha pengo halisi, gitaa lako linakuwa kiungo cha wimbo. Ukilinyamazisha kwa mizani (baa za muziki) mbili watu wanageuka kutazama, na hapo ndipo wanapotambua kwamba kuna mtu anapiga kweli.

Waitikiaji wawe wachache. Wakiingia kwenye kiitikio peke yake, msikilizaji anawapokea. Wakianza kukufunika, anaanza kuchunguza mdomo wako.

Kutengeneza si lazima uende studio. Mwenye kompyuta atumie Reaper au programu nyingine ya kurekodi. Mwenye simu tu, BandLab ni ya bure na inatosha kupanga ngoma, besi na kinanda. Angalia midundo iliyo tayari ndani ya programu hizi, kwa sababu mingi ni nne kwa nne. Chakacha hutembea kwa sita kwa nane. Ukiilazimisha ndani ya nne kwa nne, mama wa Kimvita aliyeketi meza ya tatu atajua kabla hujamaliza mizani nne, na kiuno chake hakitasogea. Afadhali ukae jioni nzima uipange ngoma hiyo kwa mkono.

Ipo njia nyingine ambayo wapigaji wa hotelini wanaijua zamani: kinanda chenye staili. Hapo mdundo unakufuata. Unabadilisha kordi kwa mkono wa kushoto, unabonyeza kuingia kiitikio, unabonyeza kumaliza. Ubaya wake ni kwamba staili za kiwandani zinafanana, na rumba ya kiwandani haina utamu wa rumba yetu. Kama unapiga kinanda vizuri, changanya: nyimbo za kuchezesha kwa staili, zile zinazohitaji mpangilio maalumu kwa biti.

Na kuhusu haki za watunzi, kwa ufupi: leseni ya kupiga muziki hadharani kwa kawaida ni jukumu la mwenye ukumbi, kupitia chombo cha hakimiliki kinachotambuliwa katika nchi yako. Muulize meneja anayo. Ukinunua biti, soma masharti yake. Na usirekodi wimbo wa mtu ukauza bila ruhusa yake.

Hatua ya pili: kii ya saa nne usiku

Asubuhi, umeoga, umekunywa chai, sauti yako inafika popote. Usichague kii, yaani kimo cha wimbo, wakati huo. Imba nyimbo kumi mfululizo ukiwa umesimama, halafu ya kumi na moja ndiyo upimie. Kii ambayo bado inakaa vizuri hapo ndiyo kii yako, hata ikiwa nusu toni mbili chini ya ile ya rekodi tuliyoizoea. Hakuna mgeni aliyewahi kurudisha chakula kwa sababu wimbo umeshushwa.

Ukiwa na mpangilio wa MIDI, yaani noti zilizoandikwa ndani ya programu badala ya sauti iliyorekodiwa, kushusha ni rahisi na hakuharibu chochote. Kwa faili la sauti lililokwisha kurekodiwa, programu inaweza kushusha nusu toni moja au mbili bila shida kubwa; ukizidisha hapo ngoma zinaanza kulegea na gitaa linasikika kama lipo chini ya maji. Ni bora uipange upya.

Kasi nayo iamue ukiwa umesimama. Ukiwa umeketi mbele ya kompyuta kila wimbo unaonekana una haraka kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo unaupunguza, kisha jukwaani unajikuta unaukokota.

Hatua ya tatu: kuingia, kutoka, na sebene

Anzisha kila biti kwa tiki nne, kama fimbo za mpiga ngoma. Wageni wakizisikia hakuna ubaya. Bendi zote huhesabu. Bila tiki utabaki unakisia lini mdundo utaanguka, na kordi yako ya kwanza itachelewa.

Mwisho uwe wa kukata. Rekodi nyingi huisha kwa sauti kufifia taratibu, jambo ambalo kwenye redio ni zuri, ila jukwaani linakuacha unapiga gitaa huku bendi yako ya kwenye faili inatokomea kama gari inayokwenda zake. Panga mizani mbili za kumalizia na pigo moja la pamoja.

Baada ya pigo hilo, ongeza ukimya wa dakika mbili ndani ya faili lenyewe. Simu nyingi huruka moja kwa moja kwenda faili linalofuata. Wewe bado unamshukuru baba aliyekutunza, mara tiki nne zimeshaanza nyuma yako. Ukimya huo unakupa muda wa kuongea, kunywa maji na kusimamisha.

Sasa sebene, ambako ndiko biti huumiza zaidi. Kwenye rumba na dansi letu, nusu ya pili ya wimbo ndiyo watu wanayoingojea: maneno yanapungua, gitaa zinazungushana, watu wanaacha viti. Bendi ingezungusha mpaka jasho litoke. Biti yako ina dakika moja na nusu, basi. Nimesimama mara nyingi sana mbele ya watu waliokuwa wameanza tu kuchangamka, faili likakata, wakarudi kwenye meza zao wakiangaliana.

Dawa yangu ni kutengeneza kila wimbo wa kuchezesha mara mbili: wa kula na wa kucheza. Wa kula una dakika tatu, sebene fupi. Wa kucheza una dakika sita au saba, na sebene yake ina mabadiliko, mizani nane besi na ngoma tupu, mizani nane misolo inarudi, kisha zote. Majina ya faili yanafuatana, kwa hiyo uamuzi ni wa kidole. Wimbo uliotangulia ndio unaoniambia: kama kuna meza moja imeinuka, au mhudumu amepita na sinia huku anayumba kidogo kwa mdundo, nachukua ndefu.

Wenye kompyuta wana njia pana zaidi. Ableton Live inaruhusu kukata wimbo vipande, ubeti, kiitikio, sebene, tamati, na kila kipande kijirudie mpaka ukanyage pedali. Ni kazi ya wiki kadhaa kuizoea. Usiipeleke kazini mpaka mguu wako uijue bila wewe kuitazama.

Hatua ya nne: sawazisha ukubwa wa sauti, panga mafaili

Biti ya kununua huwa imekandamizwa na kupandishwa; ya kwako ya nyumbani ipo chini. Ukizipiga kwa kufuatana, ya kwanza inasikika kwa mbali na ya pili inamshtua mtoto aliyelala begani kwa mama yake. Audacity, ambayo ni ya bure, ina kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo cha LUFS. Chagua namba moja kwa nyimbo zote. Mimi hutumia -16. Kisha zisikilize zote kwa spika ndogo, sekunde ishirini ishirini, bila kugusa kitufe cha sauti, na urekebishe zile ambazo sikio bado linazikataa, maana kipimo hakijui kwamba besi imezidi.

Hifadhi kwa WAV. Kama nafasi haitoshi, MP3 ya 320 kbps inafaa. Ile ya 128 matoazi yake huchakaa ukiyapitisha kwenye spika kubwa.

Jina la faili liwe na namba, kii, kasi na urefu: «07 G 112 ndefu» kisha jina la wimbo. Kwenye giza, macho yakiwa na jasho, jina hilo linatosha kukuwekea kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) mahali pake. Weka nakala kwenye kifaa cha pili, na kifaa hicho kiwe kimewashwa na kimeshapimwa kwenye miksa, siyo kimelala kwenye begi.

Hatua ya tano: simu, waya na miksa

Tumia waya. Bluetooth ni nzuri sebuleni. Ukumbini kuna watu hamsini wenye simu hamsini, miili yao inazuia mawimbi, na biti ikikatika nusu sekunde wewe huwezi kujificha.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, lakini usiishie hapo. Kengele ya kuamka hulia hata kwenye hali ya ndege, na programu ya adhana vilevile. Zima zote mbili. Bora zaidi uwe na simu ya zamani isiyo na laini, yenye biti peke yake. Kama haina tundu la earphone, nunua adapta mbili, kwa sababu moja itapotea.

Waya wenyewe nauelezea taratibu, kwa sababu ulinigharimu jioni nzima. Ilikuwa hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Unguja. Waya wangu ulikuwa nyumbani, fundi akanipa wake: jeki ndogo upande wa simu, jeki kubwa moja upande wa miksa. Tukachomeka. Gitaa za pembeni zikasikika, mwangwi ukasikika, lakini besi hakuna, kiki (ngoma kubwa ya mguu) hakuna, na waitikiaji wapo kama wanaimba chumba cha jirani. Tukapandisha besi mpaka mwisho. Hakuna. Niliimba kwa saa mbili juu ya mifupa ya nyimbo zangu, nikiamini spika imekufa.

Spika ilikuwa nzima. Jeki ile kubwa ilikuwa ya stirio, ile yenye pete mbili nyeusi, imechomekwa kwenye chaneli ya mono. Tundu la namna hiyo limejengwa kupunguza mkono mmoja wa waya kutoka mwingine, ili kelele iliyoingia njiani ijifute. Biti ya stirio inapeleka kushoto kwenye mkono mmoja na kulia kwenye mwingine, na chochote kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta kama kelele. Besi, kiki na sauti za katikati huwa sawa pande zote, kwa hiyo ndizo zilizoondoka.

Unachohitaji ni waya wenye jeki ndogo ya stirio upande mmoja na jeki kubwa mbili za mono upande wa pili, kila moja na chaneli yake. Ununue miwili. Na kwa kuwa kumbi ndogo nyingi zina spika moja au zimeunganisha pande zote kuwa moja, sikiliza biti zako kwa mono nyumbani. Chochote kinachopotea ukibonyeza mono, kitapotea hotelini.

Kompyuta ikiwa kwenye chaja na miksa kwenye soketi nyingine, mara nyingi utasikia mvumo mzito usiokoma. Chomoa chaja. Mvumo ukinyamaza, chanzo umekipata. Piga kwa betri, au tumia DI, kisanduku cha kuunganishia ala na miksa, yenye swichi ya kukata ethi (njia ya ardhini) ya waya wa sauti. Pini ya ethi ya plagi usiikate kamwe. Ipo kulinda uhai wako, nawe umeshika nyuzi za chuma huku midomo ipo kwenye maiki ya chuma.

Hatua ya sita: kuupima ukumbi

Fika saa mbili kabla ya kuanza. Piga makofi katikati ya chumba. Chini ya makuti sauti inanyonywa, inatoka nje na upepo, na biti inasikika safi lakini nyembamba. Chini ya zege na vigae besi inarundikana pembeni na maneno hayaeleweki. Kwenye zege toa besi ya biti kidogo kabla ya kugusa kitu kingine, na usiweke spika kwenye kona.

Spika moja ya inchi 10 au 12 yenye amplifaya ndani inawatosha watu hamsini hadi themanini. Ipandishe kwenye stendi mpaka pembe yake ipite vichwa vya waliokaa, iwe mbele ya maiki yako. Maiki za kawaida za mwimbaji hazisikii sana kinachotoka nyuma yake, kwa hiyo monita, spika yako ya kujisikia, ikae hapo nyuma ya maiki, ikikutazama wewe. Kama huna monita, weka spika pembeni yako, nyuma kidogo. Kwa sauti ya chakula cha jioni inawezekana, ila maiki ikianza kulia usogeze spika badala ya kuhangaika na vitufe.

Mpangilio wa kuwasha na kupima:

1. Washa miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza.
2. Pima sauti yako peke yake, kwa nguvu utakayoimba kweli. Kata masafa ya chini ya 100 Hz kwenye maiki. Huko kuna zaidi mshindo wa stendi na pumzi.
3. Ongeza gitaa mpaka liwe chini ya sauti kidogo.
4. Leta biti ukiwa unaimba. Ipandishe mpaka uhisi inaanza kukusukuma, kisha rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake.
5. Rekodi dakika moja kwa simu kutoka meza ya mbali kabisa, usikilize.

Watu wakishajaa, miili yao itameza sauti nyembamba, kwa hiyo acha nafasi ya kupanda. Wakati wa chakula kipimo changu ni meza iliyo karibu na spika: wakilazimika kuinamiana ili wasikilizane, nimezidisha, hata kama meneja anacheka.

Hatua ya saba: jioni yenyewe

Gawanya kazi kwa vipindi vya dakika 45. Kwa nyimbo za dakika tatu na nusu ni kama kumi na mbili kila kipindi, pamoja na maneno mawili matatu ya kusalimia. Andaa kumi na tano.

Kwa Zanzibar, Mombasa au Lamu, angalia muda wa adhana ya isha na uweke mapumziko yako hapo. Ikikukuta katikati ya wimbo, biti haitakusubiri: telezesha feda (kitelezi cha sauti) ya chaneli yake chini kwa sekunde tano, malizia kordi kwa gitaa peke yake, nyamaza. Ifanyie mazoezi nyumbani kama unavyofanyia mazoezi wimbo. Ikifanywa vizuri, wageni hawaoni kama kuna kilichokatika, na wenyeji wanakuheshimu.

Halafu umeme. Ukikatika, spika na miksa vinazimika, lakini simu yako ina betri, kwa hiyo wimbo unaendelea kimya ndani ya waya. Jenereta inaamka, spika zinarudi kwa mshindo, na biti imeshafika ubeti wa tatu. Taa zikipotea tu, mkono wa kwanza uende kwenye kusimamisha biti na wa pili ushushe sauti kuu. Kisha songa mbele hatua mbili na uendelee kuimba na gitaa kavu. Kwa ajili hiyo kila kipindi kiwe na nyimbo mbili unazoziweza bila mtambo wowote. Jioni yangu moja niliyolipwa vizuri kuliko zote ilikuwa ya giza la dakika arobaini, watu wakiitikia kwa makofi, mishumaa mezani.

Biti ikikwama yenyewe, usiitazame simu kwa uso wa kuomba msamaha. Endelea na gitaa mpaka mwisho wa kiitikio, maliza, ndipo ugeukie kifaa cha pili. Na ukipotea wewe, mathalani umeruka ubeti, usiikimbize biti. Nyamaza kwa mdomo, piga gitaa, subiri kiitikio, ingia nacho. Kiitikio ndicho kituo ambacho nyote wawili mnakijua.

Ukirudi nyumbani usiku, kabla hujalala, sikiliza ile rekodi ya meza ya mbali na uandike kwenye daftari: wimbo gani besi ilifunika maneno, upi uliisha mapema, upi kii yake ilikubana. Fungua mafaili hayo wiki hiyohiyo, uyarekebishe, na ubadilishe nakala kwenye vifaa vyote viwili.